Bi Tatu Hakuwapa Kuku Dawa

Upande wa kuku wa soko dogo la Kariakoo hauhitaji kibao. Mgeni huanza kuusikia, kisha huunusa, ndipo akauona. Na katika mwaka ninaousimulia, elfu mbili na kumi, mgeni aliyefika pale alimkuta mwanamke amekaa juu ya kigoda kati ya matenga ya kuku wa Singida na sufuria kubwa la maji ya moto, nyusi zimemjaa manyoya kama mtu aliyeota mvi asubuhi ileile. Huyo ndiye Bi Tatu, mnyonyoaji.

Mteja akishachagua kuku, na Sadalla mchinjaji akishapitisha kisu na bismillahi yake, kuku alimfikia Bi Tatu angali na joto. Alimchovya majini, akamgeuza mara mbili, akamtoa. Mteja kabla hajamaliza kupiga miayo, kuku alikuwa uchi mezani.

Hakuzaliwa na kazi hiyo. Ujana wake aliumalizia kiwandani, akifuma vitenge kwenye mashine zilizonguruma mpaka mtu akasahau jina lake. Nchi ilipofungua milango kwa biashara huria, mitumba ikaingia kwa marobota, kiwanda kikaanza kufa kifo cha polepole, mashine moja leo, mashine mbili kesho. Mwaka tisini na nne yeye na wenzake wakapewa barua. Wengine walilia pale getini. Bi Tatu aliikunja barua yake, akaenda kuiwashia jiko, na wiki iliyofuata alikuwa Kariakoo.

"Mikono iliyoshinda nyuzi," alisema, "itashindwa na manyoya?"

Haikushindwa. Kilichotaka kumshinda kilikuja baadaye. Mumewe alifariki mwaka elfu mbili na tatu, mwepesi kama tenga lililokwisha kuku. Mwaka uliofuata Bi Tatu naye akaanza kupukutika. Alipopimwa, wakamwambia virusi anavyo, na chembe za kinga kwenye damu yake, zile ambazo kliniki huziita CD4 na wagonjwa huziita askari, zimebaki arobaini na moja.

"Arobaini na mmoja?" Bi Tatu aliuliza, akiwa hawezi hata kusimama bila kushikwa. "Hao hata kulinda duka moja la Mtaa wa Swahili hawatoshi."

Nesi alicheka mpaka akafuta machozi. Ndivyo alivyoanzishiwa dawa, mwezi wa pili mwaka elfu mbili na tano: kidonge kimoja saa moja asubuhi, kimoja saa moja jioni, siku zote za maisha yake.

Wako wenzake waliotia pamba ndani ya kopo ili vidonge visilie mkobani. Wako waliovihamishia kwenye karatasi ya sigara. Bi Tatu alilibeba kopo lake kama lilivyo, na saa moja ilipogonga alilitingisha mbele ya soko zima kabla ya kulifungua.

"Bi Tatu, kayamba linalia," Sadalla alimtania siku za mwanzo. "Ngoma iko wapi?"

"Ngoma ninayo mimi, imo damuni. Wewe kazi yako kucheza. Haya, cheza tukuone!"

Watu wakamcheka Sadalla, si yeye, na tangu siku ile Sadalla ndiye aliyekuwa akimkumbusha: "Saa moja hiyo, Bi Tatu, piga kayamba." Ukija na maneno ya pembeni, jibu lake lilikuwa moja: "Mimi nakunywa dawa zangu. Wewe kunywa maneno yako, tuone nani atapona."

Na alipona. Askari wakapanda, mia, mia mbili, na mwaka elfu mbili na nane wakafika mia nne na kumi na wawili. Mashavu yakarudi, sauti ikarudi, na matusi yake ya mahaba kwa wateja wagumu yakarudi pia.

Kitu kimoja tu hakikumwacha: kifua. Manyoya ya kuku yana vumbi lake, jembamba, halionekani, na linaingia mpaka pale ambapo pumzi inalala. Wanyonyoaji wote walikohoa. Wote pia walikuwa na tiba moja. Pembeni ya soko, Mtaa wa Mkunguni, palikuwa na duka la dawa la Hamud, mzee mpole wa asili ya Kiarabu, na kwa Hamud palikuwa na vidonge vidogo vyeupe vilivyofungwa kwenye bahasha ya khaki. Saa nne asubuhi chai ikija, kila mnyonyoaji alitupa kimoja mdomoni na kukisindikiza kwa funda la kwanza, kama watu wengine wanavyotia tangawizi. Kifua kilifunguka, kazi ikaendelea. Hakuna aliyekiita dawa. Kilikuwa sehemu ya chai.

*

Benchi la kliniki nalo lina ligi yake. Siku ya majibu ya damu, watu hukaa wakiulizana kama waliotoka uwanjani.

"Umefunga ngapi, mwenzangu?"

"Mia tano thelathini."

"Acha! Mimi mia sita kasoro. Bi Tatu je?"

"Subirini niingie," alisema Bi Tatu. "Mechi haijaisha."

Aliingia. Daktari Polycarp, kijana mrefu mwenye miwani na haraka ya watu mia moja wanaomsubiri nje, alikuwa ameshafungua faili. Pembeni alisimama Sista Candida, nesi mgeni pale, aliyehamia miezi miwili nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niambie."

"Mia moja tisini na nane."

Bi Tatu alingoja aendelee, kama mtu anayesubiri mtu wa pili aingie mlangoni. Hakuingia.

"Toka mia nne na kumi na wawili," daktari alisema. "Wameshuka zaidi ya nusu. Mwongozo wetu unasema, askari wakishuka zaidi ya nusu, dawa imeshindwa. Au," alivua miwani, akaifuta kwa koti, "dawa hainywewi."

"Hainywewi na nani?"

"Mama, hapa hatugombani."

"Nani kagomba? Nimeuliza hainywewi na nani, maana mimi nakunywa. Miaka mitano. Siku niliyomzika mama yangu Kisarawe nilikunywa. Siku soko lilipojaa maji nilikunywa nimesimama juu ya tenga. Uliza."

Daktari hakuuliza. Alisema wambadilishie dawa, waingie mstari wa pili. Na hapo ndipo Bi Tatu alipokaa sawasawa kitini, kwa sababu jambo hilo alilijua. Kila mtu wa benchi alilijua. Mistari ilikuwa miwili tu kwa wagonjwa kama wao. Ukitoka wa kwanza unaingia wa pili, na ukitoka wa pili hapana wa tatu. Alikuwa anaambiwa atoke kwenye nyumba imara ahamie kwenye nyumba ya mwisho ya mtaa, baada yake ni bonde.

"Kabla ya kunihamisha," alisema polepole, "nionyeshe ufa uliouona."

Daktari akaliegemeza faili ili aandike, na Bi Tatu, ambaye kiwandani alijifunza kusoma maandishi kichwa chini miguu juu kwa kuchungulia daftari la msimamizi, akasoma mstari ulioandikwa kwa wino wa bluu. *Anafanya kazi ya kuku. Inashukiwa dawa anawapa kuku.*

Siku zile uvumi ulikuwa umezagaa mjini kwamba wako wafugaji wanaosaga vidonge hivyo kwenye chakula cha kuku wa kisasa ili wanenepe upesi. Bi Tatu aliusikia sokoni, akaucheka. Hakujua kuwa uvumi umemtangulia kliniki, ukavua viatu, ukaingia ndani ya faili lake.

"Nani kaandika?"

Daktari akamtazama nesi. Kisha Sista Candida akasema, "Mimi, mama. Niliambiwa na mtu pale benchini."

"Binti yangu," alisema Bi Tatu, na sauti yake haikupanda, jambo lililowatisha zaidi, "mimi nanyonyoa kuku waliokwisha kufa. Kuku aliyekufa atanenepa kwa kidonge gani?"

Nje ya pazia mtu alicheka. Daktari akainamia faili.

"Mstari wa pili siutaki," Bi Tatu aliendelea. "Kipo kipimo cha kuhesabu virusi vyenyewe, si askari peke yao. Nimekisikia. Nipimeni hicho. Virusi vikionekana, nitabeba dawa mpya na radhi nitawaomba hapa hapa, kwa magoti. Visipoonekana, hilo neno la kuku mlifute."

"Kipimo hicho hakifanyiki hapa, mama. Damu inapelekwa mbali, na maombi ni mengi."

"Nami nina subira nyingi. Na wewe Sista, kesho njoo sokoni. Njoo uhesabu mwenyewe. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni."

*

Sista Candida alikuja. Si kesho yake, ila Jumamosi, siku yake ya mapumziko, amevaa gauni la kawaida na viatu visivyofaa kwa sakafu ya soko la kuku. Sadalla ndiye aliyemwona kwanza.

"Bi Tatu, polisi wako huyo!"

"Mpe kigoda," alisema Bi Tatu bila kuinua macho kwenye kuku. "Na mwepushe na manyoya, asije akaondoka kama bata."

Nesi alihesabu vidonge vyote, akalinganisha na tarehe ya kadi. Akahesabu tena. Havikupungua kimoja, havikuzidi kimoja. Aliuliza wenzake mmoja mmoja, na Sitara, mnyonyoaji wa kigoda cha pili, akamjibu kwa niaba ya wote: "Dada, hapa hatuna saa ya ukutani. Saa yetu ni kopo la huyu mama. Akikosa siku moja, soko zima tutachelewa kurudi nyumbani."

Aibu ilimpanda Sista Candida shingoni, akanyanyuka aage. Lakini ilikuwa saa nne. Chai ilikuja. Huwezi kumwacha mgeni aondoke chai ikiwa inamiminwa. Akapewa kikombe na nusu ya kitumbua. Na mbele ya macho yake wanawake watano wakatoa bahasha za khaki vifuani, kila mmoja akatupa kidonge cheupe mdomoni. Bi Tatu akatupa viwili. Vumbi la wiki ile lilikuwa baya.

"Mama, hicho nini?"

"Kipi?"

"Ulichomeza."

"Aa, hiki? Cha kifua."

"Tangu lini?"

"Tangu… Sitara, tangu lini? Toka mzee Hamud alipoanza kuvileta. Mwaka wa pili huu, wa tatu."

"Kila siku?"

"Chai si kila siku?"

Sista Candida aliomba bahasha, akaigeuza, akasoma yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Predinisoloni. Akakaa tena kigodani kwa uzito, manyoya yakapaa.

"Kliniki mbona hujatuambia?"

"Hamjaniuliza!" Bi Tatu alishtuka. "Mnaniuliza kila mwezi, 'Dawa zetu unakunywa?' Zenu nakunywa. Hizi si zenu. Hizi za chai."

Nesi hakucheka, ingawa Sitara alicheka.

*

Jumatatu Daktari Polycarp alimsikiliza Bi Tatu mpaka mwisho, mara hii bila kuitazama saa. Kisha akaeleza, akimtazama usoni.

"Kidonge hiki, mama, kinatuliza kifua kwa sababu kinawatuliza askari. Kifua chako kinabana kwa kuwa askari wamekasirikia manyoya. Kidonge kinawaambia, rudini kambini, laleni. Wanalala. Sisi tunakuja na sindano yetu kuwahesabu barabarani, tunakuta barabara tupu, tunapiga kelele kwamba wamekufa."

"Kumbe wamelala."

"Inawezekana wengi wamelala. Lakini askari aliyelala na adui akija ni hatari vilevile. Kwa mtu kama wewe ni hatari zaidi. Na usiviache ghafla, mwili umeshavizoea. Tutavipunguza kidogo kidogo, nami nitakupa cha kuvuta kwa mdomo, kinachoishia kifuani. Damu yako nimeshaiombea kile kipimo cha virusi."

"Na mstari wa pili?"

"Tungoje."

"Neno la kuku?"

"Tungoje, mama."

"Haya. Tungoje sote."

Alipotoka kliniki hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Mkunguni, akasimama mbele ya meza ya Hamud.

"Mzee Hamud, zile bahasha zako."

"Karibu, Bi Tatu. Zimekwisha? Nikufungie nyingine?"

"Zimetaka kunimaliza mimi."

Akamweleza yote, mbele ya wateja. Mzee Hamud alivua kofia yake, akaishika mkononi. "Wallahi, mama, mlikuja wenyewe mkisema kifua. Nikaona vinawasaidia."

"Vilinisaidia. Ndiyo ubaya wake. Sasa mnyonyoaji akija kwako, mwambie apitie kwa daktari kwanza. Usiponiahidi nitahamishia kigoda changu hapa mlangoni pako, ninyonyolee kuku hapa hapa."

Hamud aliahidi. Wateja walisema aliahidi upesi sana.

Ilipita miezi miwili migumu. Vidonge vikipungua, kifua kilimbana mpaka akalala amekaa. Daktari alimshauri aache kazi ya kuku kabisa. "Kinga yako ilianzia chini mno, mama. Walioanza na arobaini wengi hawafiki walipofika wengine, hata wakinywa vizuri. Lazima uilinde."

"Nitailinda. Lakini kazi siachi. Nikae ndani nifanye nini, niwahesabu askari?"

Wakakutana katikati, ingawa Bi Tatu alisema katikati hiyo iko upande wake. Alihamisha kigoda kutoka ndani, penye manyoya yaliyorundikana, akakiweka mlangoni penye upepo. Alijifunga kitambaa chenye unyevu puani na mdomoni. Siku ya tatu Sitara naye akajifunga. Wiki ya pili walikuwa wote watano, na Sadalla akalalamika kwamba soko limekuwa la majambazi.

"Jambazi ni wewe mwenye kisu," walimjibu.

*

Majibu yalikuja mwezi wa kumi. Benchi lilikuwa limejaa, pazia halikufungwa vizuri, na Bi Tatu hakulivuta.

"Virusi havionekani," alisema Daktari Polycarp. "Kipimo hakikuviona kabisa. Dawa yako ya kwanza inafanya kazi. Unabaki nayo."

Bi Tatu alifumba macho kidogo. Midomo ilisema jambo ambalo lilikuwa kati yake na Mola wake. Alipoyafumbua yalikuwa makavu.

"Faili."

"Mama?"

"Faili langu. Mstari wa bluu."

Sista Candida alilifungua mwenyewe. Alichukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya yale maneno. Bi Tatu alitazama.

"Bado yanasomeka."

"Mama, kisheria hatufuti kabisa, tunakata, na tunaweka saini."

"Basi weka saini. Na uandike pembeni ulichokiona kwa macho yako."

Nesi akaandika, na Bi Tatu akamtaka asome kwa sauti. Akasoma: "Nilihesabu mwenyewe sokoni. Dawa anakunywa zote. Tulikosea." Neno la mwisho lilitoka dogo.

"Hilo la mwisho sikulisikia vizuri, na benchi nalo halikulisikia."

"Tulikosea," alisema Sista Candida kwa sauti ya kutosha. Kisha, peke yake, bila kuambiwa, akaongeza: "Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe tangu ulipokanyaga utumbo wa kuku kwa viatu vile," alisema Bi Tatu. "Nami nilikosea, niliwaficha vya chai bila kujua nawaficha. Andika na hilo. Haki ni haki."

Likaandikwa.

"Na askari?" aliuliza akiwa amesimama, mkoba begani.

Daktari aligeuza ukurasa. "Wamepanda, mama. Ila si sana. Mia mbili themanini na nane. Sijui kama watarudi mia nne. Huenda hapo ndipo wataishia, miaka yote. Itabidi uwe mwangalifu, kikohozi kikizidi wiki mbili uje, homa uje…"

"Nitakuja. Kupewa huruma sitakuja."

Akatoka. Benchi likamgeukia, na yule wa mia sita kasoro, mwanamume mnene mwenye kanzu, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayejua keshashinda: "Enhe, Bi Tatu, mechi imeishaje? Umefunga ngapi?"

"Mia mbili themanini na nane."

"Aa," alisema yule bwana, akavuta uso wa pole. "Ndogo hizo."

"Ndogo?" Bi Tatu alisimama mbele yake, akalitoa kopo mkobani, akalitingisha mpaka watoto waliokuwa wamelala mapajani wakaamka. "Nilianza na arobaini na mmoja, baba. Wakalazwa usingizi miaka miwili, wakasingiziwa kuku, wakatakiwa kuhamishwa nyumba. Na wote wako kwenye zamu. Hao wa kwako mia sita, umewahi kuwatuma kokote?"

Benchi zima likalipuka. Bwana wa kanzu naye akacheka, maana hakuwa na namna.

Bi Tatu alishuka ngazi akielekea Kariakoo. Ilikuwa saa tatu na robo, na kuku wa asubuhi walikuwa wakimsubiri.